Hogo Limetoka, Lakini Je, Mguu Umepona?



Katika nyumba nyingi za Karatu na Ngorongoro, siku mgonjwa anapofunguliwa hogo ni siku ya furaha. Jamaa hukusanyika, chai huchemshwa, na mara nyingi tunasali pamoja kumshukuru Mungu. Ni vema kushukuru. Mfupa uliovunjika umeunga, na hilo si jambo dogo.

Lakini hapo ndipo familia nyingi hupotea njia. Kesho yake mama anarudishiwa ndoo yake, jembe lake na mzigo wake wa kuni, kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika nyumba ya pili, bibi aliyefunguliwa hogo siku ileile anaambiwa aendelee kulala mpaka nguvu zirudi zenyewe. Mambo haya mawili yanaonekana kupingana, kumbe chanzo chake ni kimoja: wote wameutazama mfupa na kuusahau msuli.

Mwezi huu tuzungumze juu ya msuli wa nyuma ya mguu, tunaouita kigimbi. Tuone pia jinsi chombo ambacho akina mama tunakijua kwa kazi nyingine kabisa, yaani altrasaundi, kinavyoweza kutuonyesha kile ambacho macho yetu hayakioni.

KAZI YA KIGIMBI

Shika nyuma ya mguu wako, chini ya goti. Nyama unayoishika ina misuli miwili mikubwa. Wa juu una mafumba mawili, moja upande wa ndani na jingine upande wa nje. Chini yake umelala msuli mwingine mpana na bapa. Yote miwili hushuka na kuungana kuwa kano moja nene inayoshika kisigino. Ukisimama kwa ncha za vidole utaisikia kano hiyo ikikaza.

Kule Laetoli, si mbali na Endulen, mwaka 1978 kundi la watafiti lililoongozwa na Mary Leakey lilikuta nyayo zilizohifadhiwa katika majivu ya volkano, ambazo wataalamu wanazikadiria kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6. Kisigino kilitangulia kukanyaga, kisha mguu ukasukuma ardhi kwa mbele. Kusukuma huko ndiyo kazi ya kigimbi, na ndivyo tunavyotembea hata leo. Unapopanda mlima wa Rhotia na mtoto mgongoni, kigimbi kinakusukuma. Unapoteremka na ndoo kichwani, kigimbi kinakuzuia usitupwe mbele.

Kina kazi nyingine ya siri. Damu iliyoshuka miguuni lazima irudi juu moyoni. Kila kigimbi kinapokaza, huibana mishipa na kuisukuma damu ipande. Ndiyo maana mtu aliyekaa siku nyingi bila kutembea huvimba miguu.

MSULI USIPOTUMIKA HUPUNGUA

Mwili ni kama mwenye nyumba mwenye hesabu kali: hamlishi mfanyakazi asiye na kazi. Mguu uliofungwa ndani ya hogo hausukumi wala hauzuii chochote. Siku chache tu zinatosha msuli uanze kupungua, na hogo la mguu hukaa wiki nyingi.

Tena jambo hili haliwapati waliovunjika peke yao. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa taarifa ya wazee wachache wenye afya njema, wenye umri wa wastani wa miaka 67, waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuwa na homa wala jeraha. Hata hivyo walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni. Mwaka 2013 watafiti wa London waliwapima kwa altrasaundi wagonjwa mahututi 63. Walipofika siku ya 10, msuli wa mbele ya paja ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18.

Fikiri basi juu ya bibi wa miaka 70 aliyelala wiki 6 kwa sababu ya mguu, au baba aliyepata kiharusi, au mama aliyelazwa muda mrefu baada ya uzazi mgumu. Tunasema, "Amedhoofu tu, atarudi." Ukweli ni kwamba ameibiwa msuli, na msuli haurudi kwa kulala.

ALTRASAUNDI INAONAJE?

Wengi wetu tuliofika hospitali za Karatu, iwe ile ya KKKT au ile ya FAME iliyofungua kliniki yake mwaka 2008, tunaijua altrasaundi kwa habari za ujauzito. Tumelala kitandani, tumepakwa jeli ya baridi tumboni, na tumetazama picha ya mtoto kwenye kioo. Alikuwa daktari wa uzazi wa Glasgow, Ian Donald, ambaye mwaka 1958 pamoja na wenzake alichapisha picha za namna hiyo za tumbo la mwanamke. Miaka 10 baadaye, mwaka 1968, Ikai na Fukunaga wa Japani walitumia mawimbi hayohayo kupima ukubwa wa misuli ya mkono.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuielewa. Ukipiga kelele mbele ya ukuta wa Kreta ya Ngorongoro, sauti yako hurudi. Mashine hutoa sauti nyembamba mno, yenye mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, hali sikio la binadamu haliwezi kusikia zaidi ya kama mitetemo 20,000. Sauti hiyo hupenya mwilini, na kila inapokutana na kitu cha aina nyingine, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mashine huupokea mwangwi na kuuchora. Hakuna mionzi kama ile ya eksirei, ndiyo maana kipimo kinaweza kurudiwa mara nyingi bila hofu.

Kwa kigimbi, mgonjwa hulala kifudifudi, miguu ikining'inia kidogo nje ya kitanda. Mpimaji huweka alama ya kalamu karibu theluthi moja ya njia kutoka mkunjo wa nyuma ya goti kwenda kwenye kifundo cha mguu. Hupaka jeli ya kutosha, kisha huweka kichwa cha mashine taratibu bila kukandamiza, kwa sababu msuli ukibanwa huonekana mwembamba kuliko ulivyo. Kwenye kioo, ngozi na mafuta huonekana juu. Chini yake huja msuli, wenye rangi ya giza na mistari myembamba myeupe iliyolala kwa mshazari kama unyoya wa kuku. Mfupa huonekana kama mstari mweupe unaong'aa, na nyuma yake ni giza tupu.

Hapo mpimaji huweka alama mbili, moja juu ya msuli na moja chini yake, na mashine humpa unene kwa milimita. Kwa mtu mzima mwenye afya fumba la ndani la kigimbi huwa na unene wa kama sentimita moja na nusu hadi mbili. Kisha hupima mguu wa pili mahali palepale, maana kipimo bora cha mguu mgonjwa ni ndugu yake mzima. Hutazama pia rangi. Msuli uliodhoofu kwa muda mrefu hugeuka kuwa mweupe kwenye picha, kwa sababu mafuta na nyuzi ngumu zimeingia mahali pa nyama nzuri.

Kipimo kikirudiwa baada ya wiki kadhaa, mtaalamu wa fiziotherapia anajua kama mazoezi yanafaa au yabadilishwe. Mgonjwa pia anaweza kuambiwa akaze mguu huku akitazama kioo, naye akaona kwa macho yake msuli ukinenepa na kulegea.

JICHO NA FUTI HUDANGANYIKA

Pengine utauliza, "Kwa nini tusitumie futi ya fundi cherehani?" Futi ni nzuri, na baadaye nitaeleza namna ya kuitumia. Lakini ina udhaifu wake. Futi huzunguka kila kitu: ngozi, mafuta, maji ya uvimbe, mfupa na msuli. Haiwezi kuvitenganisha. Mwaka 1980 wataalamu wa Uingereza walilinganisha futi na altrasaundi kwenye mapaja yaliyodhoofu, wakaona kwamba futi ilionyesha hasara ndogo kuliko ile iliyokuwapo ndani.

Namfahamu mama mmoja wa vijiji vya juu vya Karatu ambaye jambo hili lilimpata. Aliteleza na gunia la mahindi akavunjika mfupa wa ugoko. Hogo lilipotoka, mume wake alisema kwa furaha, "Daktari amesema mfupa umeunga." Siku ya tatu mama akaenda kisimani kama zamani. Wakati wa kuteremka mguu ukamlegea, akaanguka na kuumia mkono. Majirani wakanong'ona kwamba anajilegeza ili asifanye kazi. Hata mama mkwe wake akaanza kusema hivyo.

Mguu ulikuwa umevimba. Ukiutazama, ulikuwa sawa na mwenzake. Ukiupima kwa futi, ulikuwa sawa kabisa. Kwa sababu ya uvimbe huo akapelekwa hospitali kubwa mjini ili ichunguzwe kama damu imeganda kwenye mishipa. Altrasaundi ilionyesha kwamba haikuganda. Lakini mpimaji alikuwa mtu mwenye moyo. Akamwita mume, akamwonyesha miguu yote miwili kwenye kioo. Kigimbi cha mguu mzima kilikuwa na milimita 17. Cha mguu uliovunjika kilikuwa na milimita 11. Kilichoujaza mguu kilikuwa maji.

Mume yule alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu: "Sasa nyumbani nifanye nini?" Tangu siku ile maji yalikuja kwa punda, naye ndiye aliyemwongoza punda. Jioni alikaa karibu na mkewe akimhesabia mazoezi. Baada ya miezi michache mama alipanda mlima wake bila fimbo. Mkewe alikuwa amemweleza maneno yaleyale kwa wiki nyingi, lakini ilibidi aione picha ndipo aamini. Dada zangu, hilo ni jambo la kutafakari katika ndoa zetu: mtu anayesema hana nguvu asingoje picha ya hospitali ndipo aaminiwe.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Usitarajie kwamba kila hospitali ya wilaya itakupima msuli kwa altrasaundi. Mashine nyingi zina kazi ya wajawazito tangu asubuhi mpaka jioni, na kipimo cha msuli kinahitaji mtu aliyejifunza. Lakini kile ambacho picha hizo zimewafundisha wataalamu, sisi tunaweza kukitumia bila mashine.

Kwanza, kabla ya kutoka hospitali siku ya kufunguliwa hogo, uliza maswali matatu: Je, ninaruhusiwa kuukanyagia mguu kwa uzito wote? Nifanye mazoezi gani, mara ngapi? Nirudi lini kwa mtaalamu wa fiziotherapia? Usione haya kuuliza. Nauli ya kurudi kutoka Endulen au Mang'ola ni ghali, kwa hiyo jifunze mazoezi vizuri siku hiyohiyo, na umlete mtu mmoja wa nyumbani ajifunze pamoja nawe.

Pili, pima kwa futi kila wiki. Kaa kwenye kiti, nyayo zikiwa sakafuni, mguu umelegea. Zungusha futi mahali penye unene mkubwa zaidi wa kigimbi bila kukaza, kisha pima mguu wa pili, uandike katika daftari. Kabla ya kupima, bonyeza ugoko kwa kidole kwa sekunde chache. Shimo likibaki, kuna uvimbe, na futi siku hiyo itakudanganya. Kwa wazee, wataalamu wa lishe hutumia mzingo wa sentimita 31: kigimbi kikiwa chini ya hapo, mzee aonwe na mtaalamu, maana huenda anapoteza nyama ya mwili.

Tatu, mazoezi. Yafuatayo ni ya mtu ambaye daktari amemruhusu kukanyaga:

1. Ukiwa umekaa au umelala, vuta nyayo kuelekea kwako kisha isukume mbali, mara 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku.

2. Kaa umenyoosha mguu, pitisha kanga chini ya nyayo, uivute taratibu mpaka nyuma ya mguu inyooke. Hesabu hadi 20, legeza, rudia.

3. Ukiwa umekaa kwenye kiti, inua visigino vyote viwili huku vidole vikibaki sakafuni. Anza na mara 10.

4. Nguvu zikiongezeka, simama ukishika meza nzito au ukuta, inua visigino polepole, shuka polepole. Kushuka polepole ndiko kunakojenga zaidi.

5. Mwisho kabisa, inuka kwa mguu mmoja. Mtu mzima mwenye afya hutarajiwa kufikisha kama mara 20 hadi 25. Linganisha mguu mgonjwa na ule mzima. Hesabu hii ni muhimu hata kwa mwenye picha ya altrasaundi, kwa kuwa picha huonyesha unene, lakini haionyeshi nguvu zote.

Haba na haba hujaza kibaba. Msuli uliopotea kwa wiki 6 hurudi kwa miezi, si kwa siku. Ndoo ya lita 20 na mzigo wa kuni visubiri mpaka mguu mgonjwa uweze kumwinua mwenyewe bila kutetemeka.

Majirani zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana somo kwa ajili yetu. Watafiti waliowapima waliona wanawake wao hutembea karibu kilomita 6 kwa siku, na wanaume karibu 11. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2020 ilionekana kwamba hata wao hupumzika karibu saa 10 kwa siku. Lakini sehemu ya mapumziko hayo huwa wamechuchumaa au wamepiga magoti, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi zaidi kidogo kuliko mtu akikaa kwenye kiti. Kupumzika si dhambi. Lakini kupumzika bila kutikisika kabisa ndiko kunakomwangusha mgonjwa.

Nne, chakula. Msuli hujengwa na vyakula vya kujenga mwili: maharage, mbaazi, choroko, mayai, dagaa, nyama na maziwa. Wenzetu wa Ngorongoro wana maziwa, na Karatu tuna mbaazi na maharage. Tatizo mara nyingi ni nani anayekula kwanza. Mama aliyetoka kuvunjika mguu bado anawapakulia wote, kisha anakula ugali na mchuzi uliobaki. Binti zetu wamwekee sahani yake mapema.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Kigimbi kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, kikauma unapokigusa, usingoje. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Hatari hii huwapata waliofungwa hogo, waliolala muda mrefu baada ya upasuaji, na pia wajawazito na waliojifungua, hasa katika wiki 6 za kwanza. Usikubali mguu kama huo ukandwe kwa maji ya moto wala uchuliwe kwa mafuta, hata kama mchuaji ni shangazi unayemheshimu. Donge la damu linaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Mgonjwa akipungukiwa pumzi au akichomwa kifuani, ni dharura. Hapo altrasaundi hufanya kazi yake nyingine, ya kutazama kama damu inapita.

MAMA ASIACHWE PEKE YAKE

Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani huwa tunamtembelea mgonjwa mguu ukiwa bado ndani ya hogo. Tunampelekea sukari na sabuni, tunaimba, tunaomba. Hogo likitoka, ziara nazo hukoma. Napendekeza tugeuze utaratibu. Wiki zinazofuata hogo ndizo mama anazohitaji mikono ya wenzake zaidi: huyu achote maji, huyu alete kuni, mwingine akae naye robo saa amhesabie mazoezi. Ukimtembelea bibi, usimwambie "lala tu, Bibi." Mshike mkono, mtembee naye mpaka mlangoni na kurudi. Kesho mfike kwenye mwembe.

Luka, ambaye Paulo katika barua kwa Wakolosai anamtaja kuwa tabibu, anatusimulia katika Matendo ya Mitume sura ya 3 juu ya yule kiwete aliyewekwa kila siku mlangoni pa hekalu. Hakusema tu kwamba mtu yule alipona. Alitaja hasa nyayo na vifundo vya miguu vilivyopata nguvu. Aliona pia kwamba Petro alimshika mkono akamwinua. Kwa yule mtu nguvu zilikuja mara moja. Kwa wagonjwa wetu zinakuja polepole, milimita kwa milimita, lakini mkono wa kumwinua bado unahitajika, na mkono huo Mungu ametupa sisi.

Wiki hii, basi, kama kuna mtu nyumbani mwako au katika jumuiya yenu aliyefunguliwa hogo karibuni, mfikie. Chukua futi yako na daftari. Na ndoo yake ikiwa tupu, uijaze.